Hali ya hewa na tabianchi Visiwani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nilisomesha jiografia Pemba mpaka nikastaafu, na uani kwangu Wete kuna kipimamvua nilichokisimamisha juu ya gogo la mnazi. Hayo mawili yametosha kunifanya niulizwe habari za mvua na joto barazani, nje ya msikiti baada ya sala, hata ndani ya daladala. Mengine nimeshayajibu mara hamsini. Nimeyaweka hapa kama yanavyoulizwa, na majibu kama ninavyoyatoa. La kujibiwa kwa maneno mawili nimelijibu kwa maneno mawili.

Mwalimu, hali ya hewa na tabianchi si kitu kimoja?

Si kimoja, na maneno yenyewe yanakwambia. Ukimuuliza mtu "hali yako?" humuulizi alivyo tangu kuzaliwa, unamuuliza leo kaamkaje. Tabia ni kile ulichomzoea nacho. Nina jirani mpole kabisa, siku moja alimrushia muuza dagaa ndoo. Hiyo ilikuwa hali yake ya asubuhi ile, na mtaa mzima ulishangaa kwa sababu tabia yake tunaijua. Angekuwa anarusha ndoo kila Ijumaa kwa miaka, tungeacha kushangaa, tukasema jirani kabadilika.

Basi hali ya hewa ni joto, mvua, upepo, mawingu, unyevunyevu na mgandamizo wa hewa wa mahali fulani kwa saa au siku fulani. Tabianchi ni hayo hayo, lakini yakitazamwa kwa muda mrefu: wastani wake, yanavyopanda na kushuka kwa majira, na mara ngapi yanapita mpaka. Hilo la mwisho watu hulisahau. Mafuriko yanayokuja mara moja kwa kizazi nayo ni sehemu ya tabia ya mahali, kama vile ghadhabu ya nadra ilivyo sehemu ya tabia ya mpole.

Muda mrefu ni miaka mingapi?

Thelathini. Ndicho kipimo cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Miaka 5 ni michache mno, mwaka mmoja wa mafuriko unaharibu hesabu yote. Miaka 100 ni mingi mno, tabia yenyewe inaweza kugeuka katikati na wewe usiione. Hakuna siri katika 30, ni makubaliano tu.

Kaskazi, masika, kusi na vuli ni hali ya hewa au tabianchi?

Ni tabianchi, na ndiyo iliyoujenga mji wa Unguja. Hapa naomba nafasi kidogo.

Anza na jua. Dunia imeinama kwa digrii 23.5, kwa hiyo jua la utosi halikai mahali pamoja. Juni liko kaskazini, Disemba liko kusini, na katika kwenda na kurudi hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka. Unguja Mjini hupita karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba. Pemba, kwa kuwa iko kaskazini kidogo, ni siku mbili tatu pembeni ya hizo. Siku hiyo simamisha kijiti wima uwanjani na ungoje adhuhuri iingie. Kivuli kinafupika, kinafupika, kisha kinaingia chini ya kijiti na kupotea. Wanafunzi wangu walidhani nawafanyia mzaha mpaka walipouzunguka mlingoti wa bendera ya skuli wakitafuta kivuli chake.

Penye jua la utosi hewa hupata moto na kupanda. Huko juu hupoa, na mvuke uliomo hugeuka maji, kama matone unayoyaona chini ya kifuniko cha sufuria ya wali. Nafasi iliyoachwa chini haikai tupu: hewa ya kaskazini na ya kusini hukimbilia hapo na kukutana. Makutano hayo yameizunguka dunia kama mshipi, na ndiyo yanayobeba mvua za nchi za joto. Mshipi huu hulifuata jua, ila kwa kuchelewa, maana bahari haipati moto upesi. Ukipita kwetu ukielekea kaskazini, Machi hadi Mei, ndiyo masika. Ukirudi kusini, Oktoba hadi Disemba, ndiyo vuli. Tofauti na hizo tunazo mvua ndogo ndogo za mchoo katikati ya kipupwe, ambazo mkulima wa muhogo huzithamini kuliko watu wa mjini wanavyojua.

Sasa pepo. Hizi zinaamriwa na Asia. Disemba hadi Februari bara lile kubwa limepoa, hewa yake ni nzito, humwagika kuja huku baharini, na hiyo ndiyo kaskazi. Baadaye Asia huwaka kwa jua la kiangazi chao, hewa ya huko hupanda, na upepo huvutwa kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi kwenda kuijaza. Hiyo ndiyo kusi. Mzunguko wa dunia huzipinda pepo zote mbili njiani, ndiyo maana haziji moja kwa moja kama mshale.

Kwa mamia ya miaka majahazi ya Arabuni na India yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, bila injini. Nahodha hakuweza kukwambia kama kesho itanyesha, lakini mwezi wa kutweka tanga aliujua, na mfanyabiashara wa Muscat aliweka mali yake juu ya ujuzi huo. Baina ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha maleleji, wengine huita tanga mbili, upepo ukiwa hauna mwenyewe. Mvuvi akisema "sasa maleleji" amekupa taarifa ya tabianchi kwa neno moja.

Kwa hiyo Januari kuna joto kwa sababu jua liko karibu na dunia?

Ni kweli dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai. Lakini tofauti ni kama asilimia 3 tu, na Januari hiyo hiyo Uingereza wanapasha nyumba moto. Majira hutokana na mwinamo wa dunia.

Mwanangu yuko Muscat, anasema Juni joto linapita 40. Sisi tulio karibu na ikweta mbona hatufiki huko?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake linaanzia juu ya mapaa yetu. Ile hewa iliyopanda ikweta na kumwaga mvua haipotei. Husafiri huko juu kuelekea kaskazini na kusini, ikifika karibu na digrii 30 huanza kushuka, na kwa kuwa maji yake imeshayaacha kwetu, hushuka kavu. Hewa inayoshuka hubanwa na kupata moto. Ukitia upepo baiskeli ukashika pampu chini, utaona ilivyo na joto, na sababu ni hiyo hiyo. Hewa kama hiyo hairuhusu mawingu. Angalia ramani: Sahara, Arabuni, na kusini mwetu Kalahari, zote ziko katika njia ya hewa hii inayoshuka. Tena Muscat iko karibu digrii 23 kaskazini, kwa hiyo Juni jua liko utosini mwao.

Sisi tumezungukwa na maji, na maji hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Ndiyo maana Unguja usiku haupoi kama Dodoma, na mchana hauwaki kama Muscat. Adhabu yetu ni unyevunyevu. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka, na Februari, kaskazi ikitulia, jasho halina pa kwenda.

Na ukitaka kujua nafasi ya urefu kutoka usawa wa bahari, panda Lushoto. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa digrii 6 hivi. Kilimanjaro yenye mita 5,895 iko karibu zaidi na ikweta kuliko sisi, na juu ina barafu.

Redio ilisema mvua. Wete imenyesha, Konde hata tone. Wametudanganya?

Hawakudanganya. Wingu la mvua linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, na Pemba yote kwenye ramani ya watabiri ni kidoa. Asubuhi moja ya Aprili kipimamvua changu kilikuwa na milimita 40. Nikampigia binamu yangu Konde, akaniambia anaanika nguo.

Milimita 40, kwa wanaouliza, maana yake ni lita 40 kwa kila mita moja ya mraba. Paa la nyumba yenye mita 10 kwa 8 linakuwa limepokea lita 3,200, mapipa 16 yale ya lita 200. Maji hayo yote huwa tunayaacha yachimbe shimo kwenye ukuta wa jirani, kisha Agosti tunagombana bombani.

Kwa mwaka mzima Pemba hupata kama milimita 1,900 na Unguja kama 1,600. Hata ndani ya Unguja upande wa magharibi hupata zaidi kuliko mashariki, kule kwenye mawe. Ukilima Makunduchi kwa kutegemea mvua ya Kizimbani utakula hasara, ingawa kwenye ramani ya dunia vyote ni nukta moja.

Na wakisema "vuli itakuwa ya wastani hadi juu ya wastani"?

Hapo hawasemi habari za kesho. Chukua vuli 30 zilizopita, zipange kutoka yenye mvua chache hadi yenye mvua nyingi, kisha zigawe mafungu matatu ya vuli kumi kumi. Fungu la kwanza ndilo "chini ya wastani", la pili "wastani", la tatu "juu ya wastani". Mtabiri anakwambia mizani imeelemea mafungu mawili ya juu. Hajakwambia fungu la chini haliwezi kutokea, na hajakwambia mvua itaanza lini shambani kwako.

Utabiri wa siku moja au mbili, huo uamini zaidi. Mimi niliwahi kujitia ujuzi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa ya mvua ya usiku, nikatoka uani, nikatazama mbingu nyeupe, nikaacha karafuu kwenye majamvi. Karafuu hutaka siku nne tano za jua kali, na zangu zilibakisha siku moja. Saa tisa usiku nilikuwa natambaa na tochi mdomoni, mke wangu ameshika upande wa pili wa jamvi, wala hasemi kitu. Bora angesema.

Zamani Ramadhani ilikuwa na baridi, siku hizi ni joto tupu. Si tabianchi imebadilika?

Tabianchi inabadilika, tutafika huko. Ramadhani haina kosa wala si ushahidi. Mwaka wa Hijria una siku 354 hivi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua. Mwaka 2013 tulifunga Julai na Agosti, katikati ya kipupwe, futari tunakula tumejifunika kanga. Mwaka 2024 na 2025 tulifunga Machi, joto la kaskazi halijatoka vizuri. Kuzunguka majira yote huchukua miaka 33 hivi. Atakayejaaliwa uhai ataifunga tena ya baridi.

Naling'ang'ania hili kwa sababu kumbukumbu zetu nyingi za hali ya hewa tumezifunga kwenye mambo yanayohama. "Mwaka niliooa ilinyesha Idi nzima." Idi gani, mwezi gani?

Wazee walihesabu miongo na hawakukosea. Kwa nini sasa haiendi sawa?

Hesabu ya miongo ni elimu kubwa, na inasikitisha kwamba vijana wanaijua kwa jina tu. Mwaka huanzia siku ya Nairuzi, ile inayosherehekewa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, kisha siku huhesabiwa kumi kumi, na kila kumi ni mwongo mmoja. Mabaharia na wakulima walijua mwongo gani kusi inalegea, mwongo gani wa kupanda. Ni hesabu ya jua, si ya mwezi, ndiyo maana ilifaa.

Ila ina siku 365 kamili, wakati dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na karibu robo. Robo hiyo haikutiwa. Kila miaka minne Nairuzi husogea siku moja, na kwa miaka 100 imesogea kama siku 24. Mwongo wa kupanda aliourithi babu kutoka kwa babu yake hauko tena mahali pake katika majira. Basi mzee akisema mvua zimehama, kwanza tuulize kama ni mvua zilizohama au ni kalenda. Mara nyingine ni zote mbili, na kuzitenganisha kunataka daftari la mvua, si mdomo.

El Niño ni nini, na mbona wakati mwingine inatangazwa haiji?

Ni kupata joto kupita kawaida kwa maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, upande wa Peru. Wavuvi wa huko waliita hivyo, maana yake mtoto wa kiume, kwa kuwa waliliona joto hilo wakati wa Krismasi. Maji hayo yakipata moto, mahali hewa inapopandia panahama, na kwa kuwa hewa ya dunia ni moja, ukisukuma huku kunatikisika kule. Kinyume chake ni La Niña, maji ya Pasifiki yakipoa, na kwetu mara nyingi huleta ukame. Iliyoanza 2020 iliendelea mpaka mwanzoni mwa 2023, na majirani zetu wa Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya walipoteza mifugo isiyo na idadi.

Lakini Pasifiki si jirani yetu. Jirani ni Bahari ya Hindi, nayo ina mchezo wake, ulioelezwa rasmi na wanasayansi mwaka 1999. Kuna miaka maji ya upande wetu hupata moto na ya upande wa Indonesia hupoa, na kuna miaka ni kinyume. Upande wetu ukiwa na moto, vuli hujaa. Mwaka 1997 El Niño na joto la upande wetu vilikutana, na aliyekuwa mtu mzima mwaka ule hahitaji kuelezwa. Mwaka 2019 El Niño ya maana haikuwepo, bahari yetu ikaleta mafuriko Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa sana, watu wakanunua maturubai, na mvua haikufikia ile ya 1997. Kwa hiyo ukisikia El Niño, uliza na habari ya bahari ya hapa.

Kama hawawezi kutabiri wiki tatu mbele, vipi waniambie ya miaka 50?

Sijui kesho saa nne nani na nani watapita sokoni Darajani, Unguja Mjini. Lakini usiku wa kuamkia Idi najua Darajani hapapitiki, na naweza kukwambia hivyo miezi sita kabla. Sihitaji kumjua hata mtu mmoja. Najua kwa nini watakuja.

Hewa ni ya machafuko: kosa dogo la kipimo cha leo linakua, na baada ya wiki mbili hivi utabiri wa siku moja moja hauna thamani. Tabianchi haiulizi siku hiyo. Inauliza jua linaleta joto kiasi gani, na kiasi gani kinatoka tena kwenda angani. Hesabu hiyo ni ngumu, lakini ni ya aina nyingine.

Hicho kinachozuia joto kutoka ndicho tundu la ozoni?

Hapana. Ozoni huchuja miale mikali ya jua, na tundu lake lililetwa na gesi za mafriji na makopo ya kupulizia. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizibana gesi hizo, na ozoni inajirudi. Ni habari njema, ila ni habari nyingine.

Kinachozuia joto ni mvuke wa maji, hewa ya ukaa, methani na gesi nyingine chache. Ni blangeti, na blangeti lenyewe si baya: bila hilo wastani wa joto la dunia ungekuwa digrii 18 chini ya sifuri badala ya 15 juu yake. Ubaya ni kuongeza unene. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, 280 hivi zilikuwa za hewa ya ukaa. Charles Keeling alipoanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kama 315. Sasa zimepita 420, nyingi zikitokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Afrika yote, kwa watu wake wote, hutoa chini ya asilimia 4 ya moshi huo kwa mwaka. Sina la kusema la kupunguza uchungu wa tarakimu hiyo.

Mbona kipupwe cha mwaka huu tulilala na mablangeti? Joto la dunia liko wapi?

Rudi kwa jirani na ndoo yake. Siku ya baridi ni hali. Wastani wa dunia nzima umepanda kwa zaidi ya digrii 1 ukilinganishwa na ule wa miaka ya 1850 hadi 1900, na mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kupita digrii 1.5. Digrii moja uani wewe huwezi kuihisi. Bahari inaihisi.

Nenda Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa, uwakute kina mama wa mwani wameinama kwenye kamba na vijiti vyao. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989. Kuna mwani mwembamba, spinosum, na mnene, kotoni, ambao bei yake ni nzuri zaidi. Kotoni haivumilii maji ya moto. Maji ya magotini, jua la utosi, upepo umelala: mwani unapata mabaka meupe, unalainika, unakatika wenyewe mkononi. Sehemu nyingi za pwani ya mashariki wameiacha, wengine wamehamia maji ya kina, na hapo panataka chombo na kujua kuogelea, vitu ambavyo wengi wao hawakulelewa navyo.

Matumbawe nayo yalipauka vibaya 1998, na tena 2016, bahari ilipopata joto kupita kiasi.

Na maji ya chumvi kuingia mashambani, si bamvua tu?

Bamvua ni kazi ya mwezi na jua, ilikuwepo kabla yetu. Kila mwezi mpya na mwezi mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, kisha huja maji mafu. Hiyo si hali ya hewa wala tabianchi. Lakini usawa wa bahari duniani umepanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, kwa kuwa maji ya moto hutanuka na barafu za nchi kavu zinayeyuka. Bamvua ile ile sasa inapanda juu ya ngazi iliyoinuliwa. Kisiwa Panza wanaijua vizuri: palipokuwa na mpunga, chumvi. Ukikata na mikoko iliyokuwa ikivunja mawimbi, usilitupie lawama joto la dunia peke yake.

Pemba na Unguja ni salama na vimbunga?

Karibu salama. Kimbunga hutaka maji yenye joto la digrii 26.5 au zaidi, ambayo tunayo, na msukumo wa mzunguko wa dunia unaokifanya kijizungushe, ambao karibu na ikweta ni dhaifu. Vingi huzaliwa kusini zaidi na kuishia Madagascar au Msumbiji, kama Idai na Kenneth mwaka 2019.

Karibu. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo ndipo ilipoipita Unguja kwa karafuu. Kipande kikubwa cha historia yetu, nani alikuwa na mali na nani alihamia wapi, kimo katika upepo wa siku moja. Mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya ilisogea mpaka pwani ya Mafia, boti zikasitishwa, na hapa Wete tuliokuwa tukisema "vimbunga si vya kwetu" tulikuwa juu ya mapaa tukigongelea misumari.

Tabianchi haikuwa ikibadilika hata kabla ya magari?

Ilibadilika sana. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi yakiwa yamefungwa kwenye barafu, bahari ilikuwa chini kwa kama mita 120, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya pundamilia. Pundamilia hawakuja kwa boti. Pemba ilibaki kisiwa, kwa kuwa mkondo wake na bara una kina cha mamia ya mita.

Tofauti ni mwendo. Yale yalichukua maelfu ya miaka. Haya ya sasa mimi nimeyaona katika umri wangu, na sijafika 80.

Naweza kupima mvua mwenyewe?

Unaweza, na nakuomba. Tafuta kopo lenye pande zilizosimama wima na chini tambarare, mdomo mpana sawasawa na kitako. Liweke mahali pa wazi, mbali na mwembe na makuti ya paa, liinuke kidogo kutoka chini ili matone yasiruke ndani. Kila siku saa tatu asubuhi chovya rula, soma milimita, andika tarehe, mwaga. Siku isiyo na mvua andika sifuri, maana sifuri nayo ni kipimo, na siku uliyoacha wazi hakuna atakayejua kama ilikuwa kavu au ulisafiri.

Na ukikuta milimita 70 asubuhi ambayo usiku kucha umeziona nyota, usinipigie simu. Waulize watoto wa nyumbani.